Unamsalimia Nani Njiani

Cheka kama unataka kucheka, mwenyewe alishacheka kabla yako: halmashauri ya mji ilipotafuta mtu wa kupima kama njia za kwenda stesheni zinatembeka kwa miguu, kazi hiyo ilimpa mwanamke mwenye mguu mmoja mfupi. Siku aliyokabidhiwa alirudi mezani kwake akawaambia wenzake, jamani, mambo ya miguu kapewa mwenye mguu mmoja na nusu. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na tangu hapo jina lake la kuzaliwa likawekwa kando. Wakamwita Bi Hatua.

Hakuwa mtu wa kununa. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimeongezwa soli na fundi viatu, soli nene hasa, na ukimsikia anakuja koridoni, ko, ko, ko, waliokuwa wanasengenya walipata muda wa kubadilisha mazungumzo. Alikuwa anajua. Alisema kiatu chake kimeokoa urafiki mwingi kuliko wazee wa usuluhishi.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa hivi. Stesheni ya treni ilikuwa inajengwa upya, na mji nao ulitaka kujipanga upya kuizunguka: nyumba za ghorofa, maduka, zahanati, ofisi, vyote vikae karibu na reli ili mtu atoke kwake kwa miguu, apande treni, gari aliache nyumbani lilale. Wazo zuri, nani atabisha? Tatizo ni kwamba stesheni ina pande mbili kama shilingi. Mbele kuna barabara kuu, benki, na teksi zilizojipanga. Nyuma kuna mtaa wa zamani, wa vichochoro na kamba za nguo, na huko nyuma kuna lango dogo la chuma ambalo wenyeji wameliita siku zote mlango wa uani. Ukipita hapo umeshafika kwenye treni. Na katika ramani mpya, mlango wa uani haukuwepo. Mahali pake palichorwa maegesho ya magari, na watu wa nyuma walichorewa mshale mrefu wa kuzunguka hadi mbele.

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyokaa kila mahali isipokuwa machoni. Alimwita Bi Hatua akamwambia waziwazi kwamba hataki kumwonea mtu. Nenda kaulize, alisema. Wakisema kuzunguka ni mbali, lango litabaki. Wakisema si mbali, tutalifunga, kwa sababu kuna wenzetu wanayataka yale maegesho na mimi sina hoja ya kuwazuia. Kwa hiyo mlango wa uani ulikuwa umening'inia kwenye ripoti ya Bi Hatua, na yeye alilijua hilo vizuri, kwa sababu nyuma ya mlango ule, ndani kabisa mtaani, alikuwa anakaa Shangazi yake.

Huyu Shangazi inabidi nimweleze, maana bila yeye hakuna Bi Hatua. Mtoto aliugua akiwa bado anatambaa, homa ikaondoka na nguvu za mguu mmoja. Baba yake alikuwa anafanya kazi za mbali, mama ana wadogo wengine mkononi. Shule ilikuwa ng'ambo ya reli, upande wa mbele. Majirani wakaanza kusema kwa huruma ile inayokera kwamba mtoto kama huyu asisumbuliwe, akae nyumbani ajifunze kufuma. Shangazi, dada yake baba, alikuwa mfagiaji pale stesheni. Hakubishana na mtu. Asubuhi moja alichukua mbeleko, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka naye. Akafanya hivyo kesho yake, na mwaka uliofuata, na mwingine, mpaka miguu ya mtoto ikawa inaning'inia na kumgonga mapajani. Watu walimtania wakamuuliza, huyo mtoto au gunia? Yeye akawajibu gunia halisomi, akaendelea na safari.

Na mtoto kule mgongoni, kama watoto wote, hakuacha kuuliza. Shangazi, bado? Shangazi anajibu, hapo tu. Shangazi, tumefika? Hapo tu, mwanangu, hapo tu. Na kweli wakawa wanafika. Mtoto akakua akijua, kama unavyojua jina lako, kwamba shule ilikuwa karibu. Akasoma, akapata kiatu cha soli, akapata kazi ya halmashauri, akapata mume kinyozi mwenye maneno mengi. Ukimuuliza aliwezaje, alikuwa anajibu kwamba kila alichonacho kimetoka mgongoni kwa Shangazi, na machozi yalikuwa yanamlenga hapo hapo, hata kama mko kwenye kikao.

Basi Bi Hatua aliingia mtaani na swali lake, alilotunga mwenyewe na kulionea fahari: je, stesheni iko mbali na kwako? Na lango likifungwa, kuzunguka mbele kutakuwa mbali? Akaenda nyumba hadi nyumba, ko, ko, ko. Watu wakampokea kwa mikono miwili. Akakalishwa kwenye viti vizuri, akapewa maji, akaulizwa habari za mguu. Na kila alipouliza swali lake akapata jibu lile lile, kutoka kwa mjamzito, kutoka kwa mzee wa magoti mabovu, kutoka kwa mama wa mzigo kichwani. Aa, si mbali, mama. Ni hapo tu. Na kuzunguka je? Tutazunguka tu, mbona si mbali, ni hapo.

Wewe unayesoma umeshaanza kutikisa kichwa, najua. Lakini yeye angejuaje? Nasi tulivyolelewa ndivyo hivyo. Mgeni hapelekewi malalamiko mlangoni. Mwenda kwa miguu havunjwi moyo. Akikuuliza njia unamwambia mbele kidogo, hapo tu, hata kama hapo penyewe atapafikia jua limegeuka. Nani atasimama mlangoni kwake amwambie mtu wa halmashauri kwamba kwangu ni mbali, ninateseka? Ni kama kuitukana nyumba yako mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Basi mtaa mzima ule ulikuwa wa waongo, ila waongo wenye adabu.

Bi Hatua hakuona kosa lolote, kwa sababu jibu lile lilikuwa ni lake tangu utotoni. Stesheni karibu? Bila shaka, si alikuwa anafika kila siku! Akaandika ripoti kwamba wakazi wa nyuma hawaoni shida ya umbali, ikabaki kusahihisha tu na kuipeleka kwa Mkuu. Mumewe, akiwa anasafisha mashine zake za kunyolea, alimwambia kitu kimoja ambacho hakukipa uzito. Alimwambia kwamba hata yeye mteja akiuliza zamu yake anamjibu unafuata wewe, na benchi limejaa mpaka mlangoni. Mke akamwambia asilinganishe halmashauri na vinyozi.

Ikafika siku ya Shangazi kwenda hospitali kuangaliwa macho. Ilikuwa safari ya treni, na Bi Hatua aliomba ruhusa amsindikize. Wiki hiyo mafundi walikuwa wanapaka rangi uzio wa stesheni, na mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hakuna shida, Shangazi alisema alipoambiwa itabidi wazunguke. Akajitanda khanga yake, akachukua mkoba. Hapo tu.

Wakaanza. Hawajatoka hata kichochoroni, Shangazi akasimama kwa fundi baiskeli. Akamsalimia. Akamuuliza habari za mke, za watoto, za shemeji aliyehama, huku ameegemea meza ya fundi kama mtu aliyekuja kukaa. Bi Hatua akatazama saa. Wakaendelea kidogo, Shangazi akasimama kwa muuza mboga. Akaketi juu ya kreti tupu, akachambua nyanya moja moja, akasifu, akakosoa, na asinunue hata moja. Wakaendelea. Kwenye bomba la maji akasimama kufunga upya kitambaa cha kichwani, ambacho kwa macho ya Bi Hatua kilikuwa kimekaa vizuri kabisa. Tena akapata na hapo wa kumsalimia.

Nitasema ukweli, Bi Hatua alianza kuchemka. Anampenda Shangazi kuliko roho yake, lakini treni haina shangazi. Akawa anasema moyoni, huyu mama na salamu zake, uzee umemfanya mwanasiasa, hapiti mtu bila mkono. Kwa sauti akasema tu, Shangazi, tutachelewa. Shangazi akamjibu asiwe na wasiwasi, ni hapo tu.

Ndipo wakafika kwenye ukuta wa ghala. Ile njia ya kuzunguka inapita kando ya ghala la zamani, ukuta mrefu usio na dirisha wala duka wala kivuli, gari zinapita upande wa pili zikikutimulia vumbi. Hakuna kreti, hakuna bomba, hakuna binadamu. Katikati ya ukuta ule Shangazi akasimama. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akitafuta mtu. Hakumpata. Palikuwa na paka mmoja tu, mchafu, amejilaza chini ya ukuta.

"Hujambo, paka," Shangazi akasema. "Watoto hawajambo?"

Bi Hatua alifungua mdomo acheke. Kicheko kikakwama. Aliona mkono wa Shangazi umejishika kwenye ukuta, vidole vimetanuka. Aliona kifua chake kinavyopanda na kushuka chini ya khanga, na jasho kwenye mdomo wa juu. Shangazi alikuwa anamtazama yule paka kwa makini sana, kama anasubiri jibu, ili asimtazame mtoto wa kaka yake.

Akili ya Bi Hatua ikarudi nyuma yenyewe. Fundi baiskeli. Nyanya. Kitambaa cha kichwani. Hakuwa anasalimia, alikuwa anapumzika! Alikuwa anaiba pumzi na kuifunika kwa salamu. Na hapo hapo likamjia jambo jingine, likampiga kifuani mpaka naye akaushika ukuta. Zamani, mgongoni, ilikuwa hivyo hivyo. Ngoja nimsalimie yule mama. Ngoja nifunge mbeleko vizuri. Ngoja tumwangalie huyu anavyopaka rangi mlango. Mtoto alikuwa anadhani Shangazi yake ni mtu wa watu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wenyewe alikuwa ni yeye.

Aliogopa akifungua mdomo atalia njiani. Akainama akamsalimia paka na yeye, akamuuliza habari za shamba, wakasimama pale watatu mpaka Shangazi akawa tayari. Treni iliwaacha. Wakapanda iliyofuata, macho yakaangaliwa, na daktari akasema yako salama ila yanataka miwani. Shangazi akashukuru kama amepewa nyumba.

Kesho yake ripoti ilichanwa. Bi Hatua akarudi mtaani, nyumba zile zile, ko, ko, ko, wenyeji wakashangaa kumwona tena. Safari hii hakuuliza mbali wala karibu. Kuuliza mbali ni kumtaka mtu ajivunjie heshima. Kumuuliza unapumzika wapi, pia hatasema, atajikaza kisabuni. Akauliza hivi: ukitoka hapa kwenda stesheni, unamsalimia nani njiani?

Lo, milango ya maneno ikafunguka. Kijana wa mazoezi alisema yeye hasalimii mtu, ana haraka. Mjamzito alianza na jirani, akaenda kwa mshona viatu, akaenda kwa muuza magazeti, akafika mpaka kwa mama mmoja waliyegombana naye tangu zamani, ambaye siku hizi wanasalimiana naye kwa sababu ana kibaraza. Mama wa mzigo alisema anawasalimia wote wenye ukuta mfupi, maana anapata pa kutua. Mzee wa magoti mabovu alifikiri kidogo, akasema yeye humsalimia kila mwenye kiti.

Na lango likifungwa, akawauliza, ukipita njia ya kuzunguka, utamsalimia nani? Hapo ndipo walipokuwa wananyamaza. Mzee wa magoti akajibu kwa wote.

"Kule kwenye ukuta wa ghala?" alisema. "Kule nimsalimie nani, mama? Si nitabaki kule kule."

Ripoti mpya ilipofika mezani, Mkuu wa idara aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akatafuta miwani akaikuta mfukoni. Akasema kwa upole kwamba alimtuma kupima njia na yeye amemletea salamu za mtaa mzima. Sasa salamu na maegesho vina uhusiano gani?

Bi Hatua alimheshimu sana yule bwana, hakutaka kumwadhiri. Akafunga mlango kwanza. Kisha akamuuliza, kwa adabu, kuhusu ngazi. Ofisi ile ilikuwa juu, na lifti ilikufa zamani, watu walishaacha hata kuilalamikia. Kila asubuhi Mkuu alikuwa anapanda ngazi zile, na kila asubuhi akifika pale zinapokata kona, ilipo meza ya mama wa masijala, anasimama kumsalimia. Salamu ndefu. Habari za nyumbani, habari za watoto.

"Mkuu," alisema Bi Hatua, "watoto wa yule mama wana watoto wao sasa. Bado unauliza kama wanaenda shule."

Mkuu wa idara alimtazama. Kisha tumbo likaanza kutikisika, kicheko kikampanda taratibu, akacheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi kwa ncha ya tai. Akasema kumbe anajulikana. Akasema mke wake humwambia amekuwa mtu wa watu tangu ahamishiwe ofisi ya juu. Halafu akaivuta ramani, akaweka kidole kwenye ukuta wa ghala na kukisogeza polepole hadi mwisho wake. Ukuta ulikuwa mrefu hata kwa kidole. Acha hivyo hivyo ulivyoandika, alisema, usibadilishe neno.

Usidhani mambo yalikwisha siku hiyo. Kuna waliotaka maegesho yao, na walisema wazi kwamba mji hauwezi kupangwa kwa hujambo na sijambo. Lakini Mkuu aliwasimamia kidete. Kwenye kikao kikubwa aliwaambia kwamba watu wakipata pa kusalimiana watatembea, na wakitembea magari yatabaki nyumbani, na si hilo ndilo walilokuwa wanalitafuta tangu mwanzo? Akawakaribisha washuke ngazi na kupanda tena, wote, halafu ndipo wapige kura. Kikao kikacheka, na kikapiga kura bila kupanda ngazi. Mpaka leo Bi Hatua akimtaja bwana yule anamwombea heri kwanza.

Maegesho yakapelekwa upande wa barabara kuu. Mlango wa uani ulipanuliwa, ukawekwa kijiteremko badala ya ngazi. Na njia ya kutoka mtaani hadi pale ikawekewa mabenchi, si kila baada ya kipimo fulani kama mafundi walivyotaka, bali pale pale kwenye salamu: moja kwa fundi baiskeli, moja kwa muuza mboga, moja kando ya bomba la maji, na kila moja likapandiwa mti. Miti ilikuwa bado midogo, kivuli chake kinamtosha kuku. Lakini ni mti.

Siku ya kufuata miwani, iliyochelewa miezi kama kila kitu cha hospitali, Bi Hatua alimpitia Shangazi. Walipofika kwenye bomba la maji Shangazi akainua mkono kugusa kitambaa cha kichwani, kwa mazoea. Kisha akaliona benchi. Akaliangalia kwa wasiwasi, kama kiti cha ugenini, akakaa. Akajisogeza mpaka mgongo ukagusa ubao, akashusha pumzi, safari hii wazi, bila kumsingizia mtu.

Bi Hatua alikaa kando yake. Maneno aliyokuwa ameyabeba tangu siku ya paka yakamtoka.

"Shangazi, nakushukuru. Nilikuwa sijui kama ni mbali."

Shangazi hakujifanya hajaelewa. "Mbali sana, mwanangu. Na wewe ulikuwa mzito, ukisinzia ndiyo unazidi."

"Mbona ulikuwa unaniambia hapo tu?"

"Nikwambie wewe ili iweje? Wewe ulikuwa mgongoni, ulishafika. Nilikuwa najiambia mimi."

Bi Hatua akalia, palepale, mbele ya bomba na watu na ndoo zao, na hakujificha. Shangazi akampa ncha ya khanga ajifute, akamwambia mtu mzima hovyo, watu watasema tumefiwa. Lakini mkono wake aliuacha begani kwa mtoto wa kaka yake.

Walikuwa bado wamekaa hivyo alipotokea mwanamke mgeni, mtoto mkubwa mgongoni, begi mkononi, uso umelowa jasho. Akawaamkia. Akauliza kama stesheni bado iko mbali. Bi Hatua alifuta macho, na ulimi wake, mjinga ule, ukajiandaa kutoa jibu la siku zote. Shangazi akamwahi.

"Mbali kidogo, mama," alisema. "Kaa kwanza."

Akaupakata mkoba wake, akasogea.